Vijembe Kumi vya Simba na Yanga, Kutoka Bassotu hadi Dongobesh

Mbulu na Hanang ni wilaya za watu ambao lugha zao hazina undugu. Mwiraqw anasema lugha ya Kikushi. Mbarbaig ana Kidatoga, ambacho asili yake ni Kinailoti. Mnyaturu na Mnyiramba waliovuka kutoka upande wa Singida wana Kibantu chao. Kule bonde la Yaeda, Mhadzabe ana lugha ya vidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote duniani. Ukiingia mnada wa Katesh utazisikia kadhaa kabla hujafika kwenye nyama choma. Lakini mpira ukitajwa tu, makabila yanabaki mawili: Simba na Yanga.

Na hakuna kati yetu aliyezaliwa Jangwani wala Mtaa wa Msimbazi. Wengi hawajawahi kukanyaga Uwanja wa Mkapa. Timu hizi tumezirithi kwa baba, kwa mjomba, au tumezichukua ili kumkomoa kaka mkubwa. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na huku juu milimani zimetupa kitu ambacho hakuna mkutano wa hadhara uliowahi kukitoa: kibali cha kijana wa Kiiraqw kumsogelea mzee wa Kibarbaig, kumwita "mtani", na kumwambia neno ambalo bila mpira lingemletea fimbo. Mzee naye anacheka, anajibu kwa kali zaidi, kisha wanaulizana habari za ng'ombe.

Nimepanga vijembe kumi, kuanzia kinachokwaruza hadi kinachochoma. Mimi ni mtu wa Simba, mtani asome akilijua hilo. Ila kipimo changu hapa ni maumivu, na kwa maumivu tumekuwa na miaka mizuri ya kujifunzia.

10. "Hata shamba ni la Wananchi"

Hiki ni cha Hanang, na wa Mbulu hukiazima. Pita Bassotu mwezi wa nne, mashamba ya ngano ni kijani mpaka macho yanachoka. Pita tena mwezi wa saba, yote yamekuwa njano. Mtu wa Yanga husimama kando ya barabara, akanyoosha mkono kama mwenye hati, na kusema Mungu mwenyewe ameitandaza jezi ya Wananchi, yaani ya Yanga.

Tukumbuke kwa heshima kwamba kabla ya matrekta ya NAFCO na mradi wa Wakanada wa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na kuna wazee ambao jeraha hilo halijafunga. Hao usiwaletee kijembe hiki. Wengine wote, wape.

Jibu la Simba ni fupi: "Ndiyo, na kila mwezi wa saba mnafyekwa."

9. "Vyura"

Makao ya Yanga yako Jangwani, na Jangwani hufurika. Hapo ndipo watani wao walipochota jina la vyura, likapanda basi mpaka Haydom, mahali ambapo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuona mafuriko ya mtaa wowote wa Dar es Salaam. Mvua ikinyesha Dongobesh, muuza duka wa Simba humwuliza mteja wa Yanga kama amefurahi, maana nyumbani kwao kumejaa.

Yanga wana jibu zuri, na nalitambua: maji yanayojaa Jangwani yanaletwa na Mto Msimbazi. "Kwa hiyo anayetufurikia ni nani? Jina si lenu?"

Kwa upande wao wanatuita Makolo, na wazee bado wanatuita Mikia. Majina yote haya hayaumizi tena. Ndiyo maana yako namba tisa.

8. "Nirudishie hela yangu ya kiingilio"

Tarehe 8 Machi 2025 ilikuwa Jumamosi. Dabi ilipangwa, betri za sola zimejazwa, mabenchi ya vibanda umiza yamepangwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, wakazuiwa kuingia, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mtu aliyeshuka kutoka Kainam kwa miguu kuja kuangalia mechi Mbulu mjini akakuta luninga inaonyesha wachambuzi.

Yanga: "Mmekimbia."

Simba: "Tumefungiwa geti."

Yanga: "Geti gani, la goli?"

Mjadala huo ulichukua miezi zaidi ya mitatu. Mechi ilichezwa 25 Juni, wakati wa baridi kali ya Mbulu, watu wamejifunika mashuka kibandani. Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa papo hapo. Tangu siku hiyo, ukichelewa kikao chochote, cha kijiji, cha harusi, cha vikoba, kuna mtu wa Yanga atakuuliza kama umefungiwa geti.

7. "Mchele wa Mbarali upo?"

Kijembe cha mgahawani. Yanga walicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Tarehe 29 Novemba 2022 wakaenda Mbarali, nchi ya mpunga, Ihefu wakawapiga 2-1. Mtu wa Simba akiingia hotelini Katesh na kuona meza ya watani, haagizi wali hivihivi. Anauliza kwanza ulikolimwa.

Wao hujibu: "Sisi tunahesabu mechi 49. Nyie mnahesabu punje." Ni jibu la haki, na halipunguzi utamu wa wali.

6. "Sita"

Neno moja, halihitaji kitenzi. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni alipachika matatu peke yake, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga moja. Dabi haijawahi kuwa na kipigo kikubwa zaidi.

Wakati huo Manyara haikuwepo kama mkoa. Tulikuwa Arusha hadi 2002. Luninga hazikuwepo Tanzania Bara. Mpira ulikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, betri zilizoanikwa juani ili zirudishe nguvu, na watu ishirini wamezunguka kisanduku kimoja. Nawahusudu wasikilizaji wale. Waliona mpira wote kwa masikio, na ukimkuta mzee aliyekuwepo, atakupa pasi za goli la tatu kana kwamba alikuwa nyuma ya nyavu.

Vijana wa Yanga wamebuni majibu mengi, na bora kuliko yote nililisikia Endagikot, kwenye kijiwe cha bodaboda: "Sita ya 1977 imeshastaafu, inasubiri kiinua mgongo."

Wa Simba aliyekuwa akifuta pikipiki yake hakuinua hata kichwa. "Ndiyo. Na mwajiri wake ni nyie."

5. Mkono

Hapa nitakaa kidogo.

Mkono hausemwi. Unainuliwa, vidole vitano vimeachana, na kazi imekwisha. Yanga waliinua kwanza, 1 Juni 1968, siku ya 5-0. Sisi tukainua 6 Mei 2012, 5-0 vilevile, na siku ile hata kipa wetu Juma Kaseja alifunga penalti. Patrick Mafisango, aliyekuwa kiungo wa kikosi kile, alifariki kwa ajali ya gari siku 11 baada ya mechi, na nakumbuka namna furaha ile ilivyopoa ghafla, na namna watu wa Yanga walivyokuja na pole kabla hatujawatafuta.

Kisha ikaja Jumapili ya 5 Novemba 2023. Mapumziko 1-1, tukajipa moyo. Kipindi cha pili Yanga wakafunga manne. 5-1. Siku mbili baadaye kocha wetu Robertinho akaondolewa, lakini kocha hakai Katesh. Sisi tunaokaa Katesh tukabaki na mikono. Muuza nyanya alikurudishia chenji kwa mkono ulionyooka. Kondakta wa Noah alisema nafasi zimebaki tano, hata gari likiwa tupu. Mwalimu wa Yanga alipomwomba mwalimu wa Simba chaki, aliomba tano. Ukisalimiwa kwa kupungiwa, hukujua kama ni salamu au ni matokeo.

Hali ikawa hiyo mwezi mzima wa Novemba. Halafu Jumapili ya 3 Desemba, alfajiri, mvua ilivunja ubavu wa Mlima Hanang. Tope, mawe na magogo vikashuka juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa, nyumba zikaenda na walio ndani.

Hakuna aliyetangaza kwamba utani umesimama, lakini mkono ulishuka siku hiyo hiyo. Watu waliokuwa wakiinuliana vidole Jumamosi walishika koleo pamoja Jumapili. Msibani watu walikaa na jezi zozote walizokuwa nazo, kwa sababu nguo nyingine zilikuwa zimezolewa, na sikusikia mtu akitaja rangi. Nimeona mashabiki wa miji mikubwa wakiimbiana maafa. Hapa halikutokea, na ninajivunia hilo kuliko kikombe chochote kilichowahi kwenda Msimbazi.

Utani ulirudi polepole, kwanza kwa mtu mmoja mmoja. Dabi ya 20 Aprili 2024, Yanga waliposhinda 2-1, kibanda umiza kilipiga kelele kama zamani. Jirani yangu wa Yanga akainua mkono, akautazama, akakunja vidole vitatu akabakiza viwili. Nilimtukana vizuri sana. Nilikuwa nimeikosa nafasi hiyo.

4. "Nne nne"

Simba walichukua ubingwa mara nne mfululizo kutoka 2018 hadi 2021. Yanga nao mara nne, 2022 hadi 2025. Kwa hesabu ya kawaida ngoma ni droo. Lakini Yanga hawahesabu nne. Wanahesabu 31, ndiyo idadi ya mataji yao yote hadi 2025, na sisi tuko 22. Ukimwambia "nne nne" anakuomba uhesabu zilizobaki kwa vidole, na akikuona vimeisha anakuazima vya kwake.

Tusichelewe hapa.

3. Akhwari ni wa nani?

Hiki ni kijembe cha Mbulu peke yake, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote.

John Stephen Akhwari ni mtoto wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla, giza limeingia na watazamaji wengi wameondoka, Akhwari alipoingia uwanjani anachechemea, bandeji mguuni, akamaliza wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile aanze mbio, ilimtuma azimalize. Mtoto yeyote wa shule Mbulu anaijua habari hiyo kabla hajajua kuandika jina la wilaya.

Sasa sogea hadi 20 Oktoba 2013, tarehe ileile, miaka 45 baadaye. Yanga wanaongoza 3-0 wakienda mapumziko. Kibandani watu wa Simba wameanza kutafuta kandambili zao gizani. Kipindi cha pili tukarudisha yote. 3-3.

Hapo ndipo mtu wa Simba wa Mbulu anaposimama na kuhutubia. Unaona tarehe? Unaona damu ya hapa? Sisi ni watu wa kumaliza. Akhwari kwa roho ni Simba, na mwenye ubishi alete kalenda.

Mtu wa Yanga anamwacha amalize, anakohoa, kisha anauliza taratibu: "Mwaka huo wa Akhwari ni mwaka gani?"

"1968."

"Na mwezi wa sita wa 1968 kulitokea nini?"

Kulitokea 5-0. Hotuba inaishia hapo, na ubishi unaanza upya, na mwenye kibanda anazima taa kwa sababu hakuna anayenunua soda. Mimi nasimama na Akhwari, maana 5-0 ni ya timu iliyoanza vizuri na 3-3 ni ya timu iliyokataa kuondoka.

2. Waalgeria wa Dongobesh

Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Ghafla Dongobesh ikajaa Waalgeria. Watu waliokuwa wakipakia vitunguu saumu asubuhi, jioni walikuwa na majina ya mabeki wa Algiers mdomoni. Yanga walifungwa 2-1 Dar es Salaam tarehe 28 Mei, wakaenda kushinda 1-0 ugenini tarehe 3 Juni, na kombe likabaki kwa Waarabu kwa kanuni ya goli la ugenini. Tuliwaambia: mmeshinda mpira, mmefeli hesabu.

Mungu si Athumani. Miaka miwili baadaye ikawa zamu yetu, fainali ileile, dhidi ya RS Berkane. Tukafungwa 2-0 Morocco tarehe 17 Mei 2025, kisha sare ya 1-1 Zanzibar, Uwanja wa Amaan, tarehe 25 Mei. Waalgeria wetu wakatazama Dongobesh ikijaa Wamoroko.

Kijembe chenyewe ni hiki: "Nyie hata ugenini hamkushinda." Kinauma kwa sababu ni kweli.

Na nitasema bila kificho jambo ambalo kijiweni halisemwi. Yanga walipopata goli lile la Algiers, kuna watu wa Simba walisimama bila kukusudia, kisha wakajifanya wananyoosha migongo. Niliwaona. Na nilipokuwa nimeinamisha kichwa baada ya Amaan, aliyeniwekea chai mezani alikuwa amevaa kijani.

1. Kwaraa

Vipigo vyote vingine vilitokea mbali. Dar es Salaam, Mbarali, Algiers, Zanzibar: unaweza kulaumu luninga, mwamuzi, mtangazaji. Namba moja ilitokea Babati, kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, ambao Fountain Gate waliutumia kama nyumbani msimu wa 2024/25. Kwa mara ya kwanza hatukuhadithiwa. Wa Mbulu waliteremka Mlima Magara, wa Dongobesh wakapitia Dareda, wa Katesh wakaja na lami, kuku na watoto wakaachiwa bibi.

Tarehe 6 Februari 2025, Alhamisi. Simba tunaongoza kwa goli la Leonel Ateba. Kipindi cha pili kijana wetu Ladack Chasambi akarudisha mpira kwa kipa Moussa Camara, na mpira ukampita ukaingia wavuni. 1-1. Pointi mbili zimezikwa Manyara, kwa mguu wetu wenyewe, mbele ya shangazi zetu.

Simlaumu Chasambi, ni kijana anayejua mpira, na waliomtukana siku ile walifanya vibaya. Lakini kijembe hakina huruma. Siku iliyofuata mnadani, mtu akimrudishia mwenzake kamba ya ng'ombe bila kuangalia, anaambiwa "Chasambi". Mtoto akirudisha ndoo kisimani kabla haijajaa, "Chasambi". Padri, sitasema wa parokia gani, alipomkabidhi msaidizi wake kitabu nyuma ya mgongo, benchi zima la wanaume liliinamisha vichwa, na haikuwa kwa sala.

Yanga wao walikuja Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili, wakapiga 4-0, wakaondoka. Halafu 31 Mei sisi tukarudi Kwaraa kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, dhidi ya Singida Black Stars. Tukafungwa 3-1. Majirani zetu Wanyaturu wa Katesh, ambao mwaka mzima walikuwa kimya kama wageni, wakaanza kutusalimia kwa sauti kubwa kuanzia barabarani.

Nilikuwa na jibu, na nililiandaa njia nzima ya kurudi. Nikamkuta mtani wangu wa Dongobesh kijiweni, nikalitoa: "Msimu huu Simba imekuja Manyara mara mbili. Nyie mara moja. Nani anawapenda watu wa huku?"

Alifikiri kidogo. Akaweka kikombe chini.

"Mara ya kwanza kujifunga," akasema, "mara ya pili kufungwa."

Kijiwe kizima kilisimama, na wa Simba tukiwemo, maana kijembe kilichochongwa namna hiyo hakina timu. Deni lake liko pale pale. Simba watakaporudi tena Kwaraa nitamchukua yule mtani mwenyewe, nauli nimeshamtengea, na tiketi yake itakuwa ya jukwaa letu, katikati kabisa ya wekundu.